Gito na mbachao: filamu ya Léonce Ngabo darasani

Tunapofundisha methali, mara nyingi mifano yetu ni ya pwani: nazi, majahazi na pepo za kusi. Mwanafunzi wa Gitega au Muyinga, aliyekulia milimani, huikariri tu. Makala hii fupi inapendekeza mfano wa karibu zaidi, nao ni kazi ya mwongozaji filamu wa Burundi, Léonce Ngabo.

Ngabo alizaliwa mwaka 1951. Alisomea kemia nchini Algeria, akawa mwalimu, tena akajulikana kwa uimbaji. Mwaka 1992 alitoa *Gito l'ingrat*, filamu ndefu ya kwanza ya hadithi ya kubuni kutoka Burundi. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, nchi ikaingia katika vita vya miaka mingi, na sinema iliyokuwa ndiyo kwanza inachipuka ikadumaa. Hata hivyo Ngabo hakukata tamaa. Tamasha la filamu la FESTICAB lilipoanzishwa mwaka 2009, alikuwa miongoni mwa waasisi wake.

Hadithi yenyewe ni ya kuchekesha. Gito anarudi kutoka Paris na shahada yake, akitarajia cheo cha waziri. Cheo hakipatikani. Ameacha mpenzi Mfaransa huko, na nyumbani anarudiana na mpenzi wake wa zamani. Mfaransa anapowasili Burundi, wanawake hao wawili, badala ya kugombana, wanaungana kumtia adabu.

Hapa ndipo mwalimu anapopata somo. "Usiache mbachao kwa msala upitao" sasa ina sura ya mtu. Jina la filamu nalo ni zoezi zuri la tafsiri. Tukisema "Gito asiye na shukrani", maana imefika lakini ladha imepungua. "Gito mtovu wa shukrani" ni bora kidogo. "Gito mwizi wa fadhila" ina ukali wa kejeli, maana inamshitaki: wema aliotendewa ni kama ameuiba.

Wahusika wanazungumza Kifaransa na Kirundi. Basi wape wanafunzi kazi hii: waandike kwa Kiswahili mazungumzo ya wanawake hao wawili wanapokutana mara ya kwanza. Wa Muyinga, walio jirani na Tanzania, na wa Gitega, walio katikati ya nchi, hawatayaandika kwa namna moja. Tofauti hizo zisisahihishwe haraka, zijadiliwe kwanza.