Vaa Tanganyika shingoni, lakini waya uwe wa halali!

UKIPITA Mwanga jioni, hasa mwisho wa mwezi, utawaona kina dada wakitambiana kwa mikufu ya dukani, ile inayong'aa wiki ya kwanza na kubabuka wiki ya pili. Sina ugomvi nao, kila mtu na pambo lake. Ila mimi hapa Ujiji nimeamua kuvaa Ziwa Tanganyika shingoni, na siku hizi wateja wananibishia hodi.

Mambo yenyewe ni jiwe la ufukweni na waya wa shaba, basi. Hakuna gundi, hakuna kutoboa, hakuna mashine. Waya unalibeba jiwe kama mbeleko inavyombeba mtoto.

Na wala usiseme ni mambo ya kuja. Karne ya 19 misafara kutoka pwani ilileta hapa Ujiji shanga na waya za shaba, watu wakazigeuza bangili na fedha ya sokoni. Mwingereza Cameron alipofika hapa mwaka 1874 alikuta shanga zinazoitwa sofi ndizo zinazonunulia chakula. Kwa hiyo sisi na waya tumetoka mbali!

Mawe nayaokota Kibirizi na Katonga, machache tu ya kujaza kiganja. Chagua bapa, ukubwa wa kidole gumba, lisilo na ufa. Lakini usidanganyike na jiwe lililolowa, maana likikauka linapauka. Lianike kwanza, kisha ulihukumu. Na Gombe usiguse hata moja, ile ni hifadhi ya taifa tangu 1968.

Haya, kaa mkekani. Kata waya tatu za unene wa milimita 1, kila moja sentimita 25. Zilaze sambamba, uzifunge katikati na mabegani kwa waya mwembamba kama uzi. Zizungushe ukingoni mwa jiwe, ncha zikutane juu, funga tena. Kisha kwa koleo nyembamba vuta waya wa mbele uingie kidogo juu ya jiwe kwenye kila kona, na wa nyuma vivyo hivyo. Hapo jiwe limekamatwa. Ncha zilizobaki zungushia penseli upate kitanzi, ukatie ziada, usugue kwa tupa zisichome shingo. Tikisa. Likicheza, kaza. Ila usikunje mahali pamoja mara nyingi, shaba inakakamaa na kukatika.

Shaba ikikuachia ukijani mwilini usikimbilie mganga. Ni jasho tu. Isugue kwa ndimu na chumvi, ioshe, ikaushe, itarudi kung'aa.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Majuzi kijana mmoja alinijia na furushi la waya, bei ya kutupa, umechomwa plastiki mpaka unanuka moshi.

"Umeutoa wapi, mdogo wangu?"

"Anti, wewe unanunua waya au unanunua historia?"

Nikamwambia aendelee na safari. Mimi waya wangu nanunua kwa mafundi wanaosuka upya mota zilizoungua, nafahamu ulikotoka. Bei iko juu, kweli, na faida inapungua. Lakini waya wa umeme ukikatwa usiku mtaani, giza halichagui nyumba. Huenda kuna zahanati na mama yuko kwenye uchungu, nesi anatafuta tochi. Kidani gani hicho cha kumpendeza mtu kwa gharama hiyo?

Kwa hiyo wewe mteja, ukiona kidani cha shaba kinauzwa rahisi mno, muulize fundi wake waya katoa wapi. Na wewe unayetaka kuanza, piga hesabu ya waya na masaa yako, utaje bei bila aibu. Jiwe ni la bure, mikono yako siyo.

Haya, kazi kwako!