Mwalimu, Spidi ya Ndege Inapimwaje?

Mwaka jana nikiwa field nilikuwa nafundisha fizikia kidato cha kwanza, mada ya mgandamizo. Kanuni nilishaiandika ubaoni, mifano miwili nimeshaifanya, msimamizi wangu kutoka chuo amekaa nyuma ya darasa na fomu yake. Kengele ikalia. Wakati najipangusa chaki, binti mmoja wa dawati la mwisho akanifuata mlangoni. Darasani hakuuliza, kwa sababu darasani tunatakiwa kuzungumza Kiingereza, na swali lake lilikuwa la Kiswahili kabisa:

"Mwalimu, gari linajua spidi yake kwa sababu tairi linazunguka barabarani. Sasa ndege ikishapaa hakuna inachokanyaga. Spidi yake inapimwaje?"

Nikamjibu, "Swali zuri sana, tutalizungumzia kipindi kijacho." Wenzangu mnaosoma ualimu mnaijua sentensi hiyo. Ni ya mwalimu ambaye hajui jibu. Kipindi kijacho kikafika, sikulizungumzia, na field ikaisha. Msimamizi alinipa alama nzuri.

Kilichoniuma ni nilichokikuta baadaye, nilipoanza kulitafuta jibu. Kumbe lilikuwa ubaoni siku ile ile. Kanuni niliyoiandika kwa chaki ndiyo inayomwambia rubani kasi yake, na ndiyo inayomwambia yuko juu kiasi gani. Wapo watu waliokufa kwa sababu kipimo cha mgandamizo kiliziba na aliyekuwa anakisoma hakujua kinapimaje. Basi nalilipa deni hapa, nikianzia kwenye injini.

Vuta, bana, choma, sukuma

Simama kwenye mtumbwi, kisha rusha jiwe zito kuelekea nyuma. Jiwe litakwenda nyuma, na mtumbwi utasogea mbele kidogo. Hiyo ni sheria ya tatu ya Newton, na injini ya ndege haina siri nyingine zaidi ya hiyo. Jiwe lake ni hewa. Inaichukua mbele na kuitupa nyuma kwa kasi kubwa zaidi.

Kazi inafanyika kwa hatua nne. Kwanza, feni kubwa ya mbele, ile unayoiona ukiwa unapanda ngazi, inavuta hewa. Pili, sehemu ya hewa hiyo inaingia kwenye kiini cha injini, ambako safu baada ya safu ya mapanga madogo inaibana. Kwenye injini za kisasa za ndege kubwa mgandamizo unapanda zaidi ya mara 40. Tatu, mafuta yananyunyizwa kwenye hewa hiyo iliyobanwa na kuchomwa. Mafuta yenyewe ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, yale ya kibatari cha bibi. Nne, gesi ya moto inatoka nyuma kwa nguvu, lakini kabla haijatoka inazungusha gurudumu la mapanga mengine linaloitwa turbini. Turbini imeunganishwa kwa mhimili na feni ya mbele pamoja na yale mapanga ya kubania. Yaani moto wa nyuma ndio unaozungusha feni inayovuta hewa mbele. Ikishawaka, injini inajiendesha mradi mafuta hayajakatika.

Gesi inayofika kwenye turbini inaweza kuzidi nyuzi joto 1,500 za Selsiasi. Huo ni moto unaotosha kuyeyusha madini ambayo mapanga hayo yametengenezwa kwayo. Hayayeyuki kwa sababu ndani yake yametobolewa vijitundu ambamo hewa ya ubaridi zaidi inapitishwa, na nje yamepakwa utando unaozuia joto.

Kuna jambo lilinishangaza. Kwenye Airbus A220, kama zile za Air Tanzania, kwa kila sehemu 1 ya hewa inayoingia kwenye kiini na kuchomwa, sehemu kama 12 zinapita pembeni, zinasukumwa na feni tu bila kuguswa na moto. Kwa hiyo moto hauisukumi sana ndege moja kwa moja. Kazi yake kubwa ni kuizungusha feni. Na ile "Bombardier" ya panga boi tunayoidhani ni teknolojia ya zamani, ndani yake kuna turbini ile ile, ila badala ya feni iliyofunikwa inazungusha panga boi lililo wazi kupitia giaboksi.

Mita haioni

Rubani amekaa mbele, injini ziko nyuma yake huko kwenye mabawa. Anajuaje zinafanya kazi? Anaangalia mita, au siku hizi kioo kinachochora mita. Na hapa ndipo penye hoja yangu yote: hakuna mita inayoiona injini. Kila mita inapima kitu kingine kidogo, halafu inakitafsiri.

Mita ya joto, kwa mfano, haipimi joto. Kwenye njia ya moshi wa injini kuna nyaya za madini mawili tofauti zilizounganishwa. Muungano huo ukipata joto unazalisha umeme kidogo sana, na mita inapima umeme huo. Mita ya mzunguko inahesabu feni inazunguka kwa asilimia ngapi ya kasi iliyowekwa kama kipimo. Na baadhi ya injini zina mita ya msukumo, ambayo haipimi msukumo. Inachukua mgandamizo wa hewa inayotoka nyuma ya injini na kuugawanya kwa mgandamizo wa hewa inayoingia mbele. Jibu likiwa kubwa, injini inasukuma sana.

Tarehe 13 Januari 1982, Boeing 737 ya shirika la Air Florida ilikuwa inasubiri kuruka Washington, Marekani, theluji ikianguka. Marubani hawakuwasha mfumo wa kuzuia barafu kwenye injini. Barafu ikaziba kipimo cha mgandamizo cha mbele ya injini, kikawa kinatoa namba ndogo kuliko ukweli. Sasa kumbuka hesabu za shule ya msingi: ukigawanya kwa namba ndogo, jibu linakuwa kubwa. Mita ya msukumo ikaonyesha 2.04, ile ile waliyoihitaji kwa kuruka. Msukumo halisi ulikuwa wa kama 1.70.

Mita nyingine zilikuwa zinasema kweli. Ya mzunguko na ya joto zote zilikuwa chini kuliko kawaida ya kuruka. Rubani msaidizi aliona kuna kitu hakiko sawa, akasema, na akasema tena. Rubani mkuu akaendelea. Ndege ilipanda kidogo, ikashindwa, ikagonga daraja na kuangukia mto Potomac. Walikufa watu 78, wanne kati yao wakiwa kwenye magari darajani. Injini zilikuwa nzima. Laiti wangesukuma vishikio vya mafuta mbele mapema, nguvu ilikuwepo.

Chupa ya maji ya Kitonga

Turudi kwa binti yangu na swali lake, ila kwanza tupite kwenye kimo, kwa sababu kasi na kimo vinatumia hewa hiyo hiyo.

Wale mnaotoka Iringa mnalijua hili bila kujua. Unakunywa maji nusu chupa ukiwa mjini, unafunga kizibo, basi linashuka Kitonga. Ukifika Morogoro chupa imebonyea kama imepigwa ngumi. Hakuna aliyeigusa. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi zaidi. Hewa hiyo nyepesi uliifungia ndani ya chupa, ukaipeleka kwenye hewa nzito ya chini, na hewa nzito ikaibonyeza.

Mita ya kimo ni chupa hiyo. Ndani yake kuna kikopo chembamba cha bati kilichofungwa. Ndege ikipanda, mgandamizo wa nje unapungua, kikopo kinavimba, mshale unasogea. Ikishuka, kinabonyea. Ukifika kama mita 5,500 juu, chini kidogo ya kilele cha Kilimanjaro, mgandamizo umebaki karibu nusu ya ule wa Dar es Salaam. Kwa kuwa mgandamizo wa mahali hubadilika pia kwa hali ya hewa, muongoza ndege humtajia rubani mgandamizo wa siku hiyo, na rubani anaurekebisha kwenye mita. Akikosea hektopaskali 1 tu, akiwa karibu na usawa wa bahari, mita inamdanganya kwa takriban mita 8.

Sasa kasi. Mwaka 1732 mhandisi Mfaransa, Henri Pitot, alichukua bomba la kioo lililopindwa, akalizamisha kwenye mto Seine, mdomo ukielekea kule maji yanakotoka. Maji yakapanda ndani ya bomba. Kadiri mto ulivyokwenda kasi, ndivyo yalivyopanda zaidi. Ndege inafanya hivyo hivyo. Siku ukipata bahati ya kupanda, angalia chini ya dirisha la rubani: utaona vibomba vifupi vinavyotazama mbele. Kila kibomba kinapokea hewa inayokigonga usoni. Kwenye ubavu wa ndege kuna vitundu vingine ambavyo havigongwi na upepo, vinasoma mgandamizo wa hewa iliyotulia. Toa wa pili kwenye wa kwanza. Tofauti inayobaki ndiyo kasi.

Na tofauti hiyo ni ndogo mno. Ndege ikiwa chini inakwenda kilomita 250 kwa saa, tofauti hiyo ni sawa na uzito wa maji ya kina cha sentimita 30. Rula moja ya mwanafunzi. Kasi ikiongezeka mara mbili, tofauti inaongezeka mara nne, kwa sababu inafuata kipeo cha pili cha kasi. Na kasi inayopatikana ni ya ndege dhidi ya hewa, si dhidi ya ardhi. Hiyo ndiyo mabawa yanayoihitaji. Bawa halijui ardhi iko wapi. Linajua upepo unaolipitia, na upepo ukipungua mno, ndege inaanguka hata kama injini zote zinanguruma.

Nyigu

Mdudu mmoja anatosha kuharibu haya yote. Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ya shirika la Birgenair iliruka usiku kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika. Ilikuwa imekaa chini siku nyingi bila kuruka, na vibomba vyake havikuwa vimefunikwa. Wachunguzi walihisi kwamba nyigu wa udongo, wa aina ya wale wanaojenga kwenye kona za madirisha yetu hosteli, alijenga ndani ya kibomba cha upande wa rubani mkuu.

Ndege ikiwa bado inakimbia barabarani, rubani mkuu aliona mita yake haifanyi kazi. Akaendelea. Walipoanza kupanda, mita ikaamka, ikaonyesha kasi inaongezeka. Akaridhika kwamba imepona. Lakini hebu fikiria kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Ndani ya kibomba kilichoziba kuna hewa ya uwanjani, imefungiwa, mgandamizo wake haubadiliki. Vitundu vya ubavuni viko wazi, na mgandamizo wake unapungua kadiri ndege inavyopanda. Toa namba inayopungua kwenye namba isiyobadilika, utapata nini? Tofauti inayokua. Mita ya kasi ilikuwa imegeuka mita ya kimo. Ilikuwa chupa ya Kitonga, ila imeandikwa "kasi".

Mtambo wa kujiendesha uliokuwa unaisikiliza mita hiyo ukaona ndege inakwenda mbio mno, ukainua pua na kupunguza nguvu. Ukweli ni kwamba ndege ilikuwa inazidi kupunguza kasi. Kengele ya mwendo kasi ikalia, kisha usukani ukaanza kutikisika, onyo kwamba mwendo ni mdogo mno. Maonyo mawili yanayopingana, usiku, juu ya bahari. Mita ya rubani msaidizi na ile ya akiba zilikuwa zinasema kweli muda wote. Watu wote 189 walikufa.

Ndiyo maana ndege ina mita ya kasi zaidi ya moja, kila moja na kibomba chake, na marubani wanafundishwa kuzilinganisha. Ndiyo maana ndege ikiegeshwa vibomba vinavalishwa vifuniko vyenye utepe mwekundu, ili mtu asisahau kuvitoa kabla ya kuruka. Lakini kifuniko na mita ya pili havimsaidii mtu ambaye hajui mita yake inakula nini. Anayejua atauliza: namba hii imetoka wapi, na ingekuwaje kama tundu limeziba?

Nimerudi kuifikiria fomu ya msimamizi wangu. Ilikuwa na vipengele: malengo yameandikwa, ubao umepangwa, muda umezingatiwa. Vyote tiki. Ilipima ilichoweza kupima, halafu ikatafsiri kuwa somo limefanikiwa. Mita nyingine ilikuwa imesimama mlangoni, ina swali, nami niliipita.

Mwenzangu unayekwenda field muhula ujao, chukua mpira wa maji mwembamba unaoonyesha ndani, upinde, wapeleke watoto mtoni au hata kwenye mfereji baada ya mvua. Wazamishe mdomo wake kuelekea maji yanakotoka, waone yanavyopanda. Chukua na chupa tupu ya maji. Halafu ndiyo uandike kanuni.

Na kwa yule binti, ambaye sasa yuko kidato cha pili: ndege inapima spidi kwa upepo unaoipiga usoni. Samahani kwa kuchelewa.