Je, Wajua? Paa Kuukuu Laweza Kuwa Sumu

Ukitaka kugeuza duka au ghala la zamani pale Mitunguu, Imenti Kusini, liwe nyumba ya kuishi, kagua paa kwanza. Mabamba mazito ya kijivu yenye mawimbi huenda ni asbesto, ambayo Kenya ilipiga marufuku mwaka 2006. Tafadhali usiyakate, usiyatoboe wala kuyasugua: nyuzi zake zikivutwa mapafuni huweza kuleta saratani, mara nyingi baada ya miaka 20 au zaidi. Waachie wataalamu kazi ya kuyaondoa. Wanaosafirisha taka za asbesto lazima wawe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

Halafu nenda ofisi za kaunti kuomba kibali. Chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, kugeuza jengo la biashara kuwa makazi huhitaji kibali hicho, hata usipoongeza jiwe moja ukutani.