Mtoto na mchezo aupendao: kweli ni ipi, uongo ni upi?

Ukipita mtaa wa Murara, hapa Goma, jioni, kabla giza halijaingia, utakuta watoto wamepanga mawe mawili meusi kuwa goli, na mpira wa matambara na sacheti unapita kati ya miguu ya watu wanaotoka sokoni. Mmoja wao akirudi nyumbani amejaa vumbi, husikia maneno yaleyale: “Mupira haitakupatia chakula!” Anayesema hivyo anampenda mtoto wake na anamhofia. Lakini mengi tunayoyaamini kuhusu watoto na michezo hayasimami yakipimwa.

“Mchezo unaharibu masomo.”
UONGO. Shirika la Afya Duniani, OMS, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na wa miaka 3 au 4 walau saa tatu. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alikwenda Marekani mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, akitaka kuwa daktari. Alimaliza chuo cha Georgetown na shahada yake mkononi, akaingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 1991. Baadaye alijenga hospitali Kinshasa na kuipa jina la mama yake. Kinachoharibu masomo ni kukosa ratiba. Umeme wetu haueleweki, basi kubalianeni: daftari lifunguliwe kungali na mwanga, kisha mpira.

“Bila mpira wa dukani na viatu vya bei, hatajifunza.”
UONGO, ila miguu ilindwe. Mpira wa matambara yaliyokazwa kwa kamba haudundi sana, kwa hiyo mtoto hulazimika kuutuliza karibu na mguu. Hayo nayo ni mazoezi. Shida ya Goma iko ardhini: tunaishi juu ya mawe ya volkano, na lava iliyopita katikati ya mji Januari 2002 ikishapoa hukata kama wembe. Viatu vya mtumba vilivyofungwa vizuri vinatosha. Akichubuka, kidonda kioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, na uulize kituo cha afya kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika.

“Samaki mkunje angali mbichi: achague mchezo mmoja tangu mdogo.”
UONGO. Methali ni nzuri kwa adabu, lakini kwa michezo hukunja vibaya. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2016, walishauri mtoto asifungwe kwenye mchezo mmoja kabla ya miaka 15 au 16, kwa sababu viungo vinavyorudia kazi ileile huumia na moyo huchoka mapema. Mutombo huyohuyo alikuwa golikipa wa mpira wa miguu kabla ya kujulikana katika kikapu. Wako akipenda mpira leo na judo mwakani, hajapotea. Anajitafuta.

“Mpira ni wa wavulana.”
UONGO. Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe ya Lubumbashi walitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Walianza wakiwa wasichana kama hawa wetu. Tuseme kweli: mara nyingi binti hakatazwi kucheza, ananyimwa muda. Kaka yake yuko uwanjani, yeye yuko kwenye foleni ya maji na bidoni, kisha sahani zinamngoja. Gawa kazi za nyumbani sawasawa, utashangaa ni wasichana wangapi wa Murara wanaopenda mpira.

“Wakati wa vita, michezo ingoje.”
UONGO, kwa sharti moja. Popole Misenga alizaliwa Bukavu, upande wa kusini wa Ziwa Kivu. Vita vilimtenganisha na familia yake akiwa bado mtoto, na ni Kinshasa alikojifunza judo. Agosti 2016 alipanda ulingoni Rio de Janeiro katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, akashinda pambano lake la kwanza. Mchezo humrudishia mtoto aliyeogopa ratiba yake ya siku, marafiki zake na usingizi wake. Sharti ni usalama. Baada ya mapigano ya Januari 2025, kila mtoto wa Goma afundishwe kwamba chuma asichokijua hakiguswi wala hakipigwi teke, maana huenda kikalipuka; aondoke na kumwita mtu mzima. Acheze mahali ambapo sauti yako inamfikia.

“Ana kipaji, huyu ndiye atakayetutoa katika umaskini.”
UONGO, na ni uongo unaoumiza. Watoto wengi sana hucheza, wachache mno hulipwa. Mtoto wa miaka saba akibebeshwa deni la familia, kila goli atakalokosa litakuwa kosa. Tena ndoto hiyo ndiyo mlango wanaoingilia matapeli. Akija mtu anayedai fedha ili ampeleke mwanao katika klabu ya Ulaya, kumbuka kanuni ya FIFA: uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa kwa hali chache zilizoandikwa. Funga mlango.

“Mzazi asiyejua mpira anaweza kumsaidia mtoto.”
KWELI, na kuliko anavyodhani. Si lazima ujue kuotea ni nini. Simama dakika kumi kando ya uwanja, usimkaripie mbele ya wenzake, mwachie mwalimu kazi ya kufundisha. Akirudi, usianze na “mmeshinda?” Muulize alichofurahia, alichojaribu kwa mara ya kwanza, aliyempa pasi. Na siku akisema hataki tena, msikilize kabla ya kumsukuma: pengine amechoka, pengine kuna anayemwonea. Furaha yake ndiyo itakayomrudisha uwanjani kesho, na kuilinda ni kazi ambayo mzazi yeyote wa Murara anaweza kuianza leo jioni bila kulipa hata faranga.