Rottweiler: Mbwa wa wachinjaji aliyegeuzwa mlinzi wa geti

KIBAO chenye maneno 'Mbwa Mkali' si kitu kigeni kwenye mageti ya nyumba za mijini. Nyuma ya baadhi ya mageti hayo yumo Rottweiler, mbwa mweusi mwenye kichwa kipana, kifua kinene na mabaka ya kahawia usoni, kifuani na miguuni. Wengi humnunua kwa sifa moja tu, ukali. Historia yake, hata hivyo, inaonyesha kuwa hakufugwa ili amrukie kila apitaye.

Jina lake limetokana na Rottweil, mji wa kusini-magharibi mwa Ujerumani ulioanzishwa na Warumi katika karne ya kwanza. Inaaminika kuwa mababu zake ni mbwa walioswaga ng'ombe wa majeshi ya Kirumi kuvuka milima ya Alps, kisha wakachanganyika na mbwa wa wenyeji.

Baadaye mji huo ulikuwa kituo cha biashara ya mifugo. Wachinjaji walimtumia mbwa huyu kuswaga ng'ombe, kuvuta mikokoteni na kulinda mali. Inasimuliwa kuwa mfanyabiashara aliyetoka mnadani alimfunga mbwa wake mfuko wa fedha shingoni, akiamini hakuna mwizi atakayethubutu kuugusa.

Reli ilipoanza kusafirisha mifugo katika karne ya 19, mbwa huyo alikosa kazi na nusura atoweke. Aliokolewa na polisi. Mwaka 1910 alitambuliwa rasmi nchini Ujerumani kuwa mbwa wa polisi, na mwaka 1921 ikaundwa klabu ya ADRK kusimamia uzalishaji wake.

Dume huwa na kimo cha sentimita 61 hadi 68 begani na uzito wa kilo 50 hivi. Jike ni mdogo kidogo. Kwa tabia, Rottweiler aliyelelewa vyema ni mtulivu, hujiamini, hushikamana na familia yake na humchunguza mgeni kabla ya kuchukua hatua. Kazi yake ya kale ilimlazimu kumtii bwana wake katikati ya soko lililojaa watu.

Pamoja na hayo, nguvu zake si za kufanyia mzaha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulichunguza vifo 238 vilivyosababishwa na mbwa kati ya mwaka 1979 na 1998. Rottweiler na mbwa wa jamii ya pit bull walihusika katika zaidi ya nusu ya vifo hivyo. Watafiti hao, hata hivyo, walitahadharisha kuwa aina ya mbwa pekee haielezi hatari. Malezi, mafunzo na uangalizi wa mwenye mbwa navyo vina uzito. Nchini Ireland, sheria inataka Rottweiler afungwe mdomo anapokuwa hadharani.

Hapo ndipo wafugaji wengi wanapokosea. Mbwa anayefungwa mnyororo mchana kutwa na kufunguliwa usiku tu, bila kuzoeshwa watu, hajifunzi kumtofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Samaki mkunje angali mbichi: mbwa huyu azoeshwe watu, sauti na amri tangu akiwa na umri wa wiki chache, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na asiachwe peke yake na watoto wadogo.

Kibao cha getini humwonya mpita njia. Hakimwondolei mwenye nyumba wajibu wa kumlea mbwa wake.