Awamu katika Holografia ya Elektroni: Ufafanuzi wa Istilahi Moja

Mwaka 1948 Dennis Gabor alipendekeza holografia kwa nia ya kuboresha hadubini ya elektroni. Kuifafanua mbinu hiyo kwa Kiswahili hukwama kwenye neno moja: awamu. Katika matumizi ya kawaida awamu ni kipande cha muda, kama awamu ya uongozi au ya mradi. Katika fizikia ni mahali wimbi lilipofikia katika mzunguko wake. Wakaao pwani wanaijua dhana hii bila istilahi: maji hujaa na kupwa katika hori mbili kwa kadiri ileile, ila hori moja hutangulia nyingine. Kutangulia huko ndiko tofauti ya awamu. (Umeme wa “njia tatu” unaofahamika Tanzania una mawimbi matatu yanayopishana vivyo hivyo, lakini jina lake halidokezi kupishana huko.)

Elektroni nayo huenda kama wimbi. Ipitapo penye uga wa umeme au wa sumaku, awamu yake husogea. Kigunduzi, hata hivyo, huhesabu tu elektroni zilizofika, na awamu hupotea. Holografia huilazimisha ijitokeze. Wimbi lililopita kwenye sampuli hukutanishwa na jingine lililopita kando yake, na makutano hayo huzaa michirizi. Kusogea kwa michirizi hupimwa, kisha uga hukokotolewa. Hologramu, basi, si picha ya uga, na kitenzi “kupiga picha” hupotosha.

Ugumu huzidi uga unapobadilika upesi. Hologramu ya kawaida huchukua sekunde kadhaa. Uga unaogeuka mara milioni kwa sekunde huiyumbisha michirizi hadi ikafutika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Berlin waliigeuza hasara hiyo kuwa nyenzo: michirizi huvurugwa kwa makusudi katika mzunguko wote wa uga, isipokuwa kwa muda mfupi wa nanosekunde unaorudiwa kila mzunguko. Elektroni za nje ya muda huo huongeza usuli tu.

Hapa istilahi huleta athari. Sentensi “awamu hupimwa katika awamu moja ya mzunguko” ni sahihi kisarufi na haieleweki. “Kipindi” hakisaidii, kwani wanafizikia wamekwisha kukitumia kwa muda wa mzunguko mzima. Afadhali awamu ibaki kwa wimbi, na muda ule mfupi uitwe lango, ilimradi msomaji aelezwe kuwa elektroni hupita wakati wote. Kinachofunguliwa na kufungwa ni michirizi.