Katika Kumtafuta Samaki wa Kupaka



Miongoni mwa masuala niulizwayo baada ya darsa, baina ya yale ya talaka na yale ya mirathi, kuna moja liulizwalo kwa tabasamu: ni wapi hapa Mombasa mtu aweza kuwapeleka ahli zake wakala samaki wa kupaka aliye mzuri? Nyumba nyingi siku hizi hazina tena mbuzi wala kifumbu, vyumba vya ghorofani havina pa kuwasha makaa, na kina mama wengi hurudi kazini Magharibi imekwisha adhiniwa. Chakula walichokipika bibi zetu uani sasa hununuliwa hotelini. Basi tangu Ramadhani iishe, mimi na mama watoto tumekuwa tukizunguka: Mji wa Kale, Bondeni, Mwembe Tayari, hata tukavuka feri kwenda Likoni. Palipouzwa ulevi hatukuingia, hata pakisifiwa vipi.

Samaki wa kupaka anajulikana. Hupasuliwa, akatiwa chumvi, ndimu, thomu na tangawizi, akachomwa juu ya makaa, kisha akapakwa tui la kasimile lililopikwa kwa ukwaju, pilipili na bizari mpaka likashika. Hupakwa, akageuzwa, akapakwa tena, na ustadi wote umo katika huko kugeuza. Mahali pengi tulipofika, samaki alikuwa amekaangwa tangu asubuhi, na alipoagizwa akamwagiwa mchuzi wa tui la pakiti. Huyo ni samaki wa kumwagiwa, na lingekuwa jambo la insafu aandikwe hivyo ubaoni.

Kila tulipoketi niliuliza: leo kuna samaki gani? Jawabu lilikuwa moja kila mahali, changu. Nami nikastaajabu, kwani tumo katika kusi, msimu uanzao takriban mwezi wa Aprili na kuendelea hadi Septemba, ambapo bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki kila siku, na samaki huadimika. Mkahawa usiokosa changu hata siku moja katika kusi humtoa katika barafu, au humpa jina hilo samaki mwingine. Mavuo ya bahari tumehalalishiwa katika Suratul Maida, aya ya 96, na barafu haimharamishi samaki. Lililo zito ni kuficha. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta chini kuna umajimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu watu wauone, kisha likafuata lile onyo tulijualo sote juu ya mwenye kughushi. Samaki wa juzi aliyefunikwa kwa tui na pilipili ni rundo lile lile.

Na kuna hili la bei. Katika mikahawa kadhaa tuliambiwa kwamba bei hutegemea ukubwa wa samaki, na ukubwa wenyewe huonekana akiisha kupikwa. Baba amekuja na watoto 5, wamekula wakashiba, ndipo inaletwa karatasi ya hesabu, naye anapapasa mifuko mbele ya wanawe. Madhehebu yetu ya Kishafii yanataka bei ijulikane na pande zote mbili kabla ya mauziano kufungwa, na kuacha hivyo ni kuingia katika gharar. Basi usione haya. Sema: nionyeshe samaki, mpime, nitajie bei, kisha mtie motoni.

Tulipopata tulichokitaka palikuwa Mji wa Kale, katika kijihoteli chenye meza chache na pazia kwa ajili ya familia. Jina sitalitaja, maana jarida hili halichapishi matangazo. Mwenye pua atauona moshi. Mpishi ni mama wa Kibajuni. Nilipomuuliza swali langu alijibu, "Changu sina, Maalim. Nina kolekole wa alfajiri, na nguru wa barafu wa tangu juzi. Kolekole ni shilingi 900. Huyo nguru nitakupunguzia." Akamleta kolekole juu ya sinia, akamfunua matamvua, yakawa mekundu, na jicho lilikuwa angavu.

Tulingoja muda mrefu. Alipokuja, ngozi ilikuwa imeungua pembeni kidogo, tui limemng'ang'ania, ukwaju umekolea bila kuikata ladha ya nazi, na nyama ikaachana na miba bila kushindana. Wali wake, nisiseme uongo, ulikuwa umepoa. Mama watoto, ambaye hasifu mapishi ya watu ovyo, aliomba mchuzi tena.

Mwenye kutaka kwenda na aende kabla ya Adhuhuri, siku za Ijumaa hasa, kwani baada ya sala hubaki nguru peke yake. Na kichwa huombwa mapema. Mimi sijakipata bado.